Sakafu ya Montreal

Watu wakimtaja mchezaji tenisi Victoria Mboko huanza na Kongo. Ni mwenzetu, wanasema, jina tu linatosha. Nina jamaa yangu wa Kigoma aliyeniapia kwamba ukimtazama yule binti kwenye paji la uso unamwona shangazi yake kabisa. Sawa. Wazazi wake walitoka Kongo, yeye akazaliwa Charlotte kule Marekani mwaka 2006, kitinda mimba wa watoto wanne, akakulia Kanada. Sina ugomvi na mtu anayefurahia damu yake. Ila mimi nauza saruji, nondo, misumari na rangi hapa Ilazo, Dodoma, na nikitazama tenisi jicho langu huenda chini kwanza. Natazama sakafu. Nikishajua mpira unadundia kitu gani, ndipo napandisha macho kumtazama anayeupiga.

Kwa hiyo habari yangu ya Montreal, Agosti 2025, inaanzia chini.

Kwa ambao hawakuifuata: mashindano ya wazi ya Kanada ni ya daraja la WTA 1000 (WTA ni chama cha wachezaji wanawake), daraja ambalo liko chini kidogo tu ya yale manne makubwa yaitwayo Grand Slam: Australia, Ufaransa, Wimbledon na US Open ya New York. Yanachezwa nje, kwenye uwanja mgumu. Wanawake na wanaume hupokezana miji. Mwaka huo wanawake walikuwa Montreal na wanaume Toronto, mwaka unaofuata wanabadilishana. Mboko aliingia akiwa wa 85 duniani, tena kwa nafasi ya upendeleo ambayo waandaaji humpa mwenyeji wao. Mwaka ulipoanza hakuwemo hata kwenye 300 bora. Alikuwa ameufungua kwa mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata moja, katika vile vishindano vidogo ambavyo watazamaji wake ni mzazi wa mchezaji na mtu wa kufagia.

Montreal akamtoa Sofia Kenin, bingwa wa Australia 2020. Akamtoa Coco Gauff, ambaye miezi miwili tu nyuma alikuwa amebeba kombe la Ufaransa, kwa 6-1, 6-4, mechi ya saa moja na kidogo. Nusu fainali akakutana na Elena Rybakina, bingwa wa Wimbledon 2022. Alipigwa seti ya kwanza 1-6, akafika mahali ambapo pointi moja tu ilibaki atolewe, akaiokoa, akashinda 7-5, 7-6. Fainali ni Naomi Osaka, mwenye makombe manne makubwa, mawili ya New York na mawili ya Melbourne, yote ya uwanja mgumu. 2-6, 6-4, 6-1. Mabingwa wanne wa Grand Slam katika shindano moja, na binti alikuwa bado hajatimiza miaka 19. Jumatatu iliyofuata akawa wa 24 duniani.

Sasa nadharia yangu, ambayo nimeshawachosha nayo wateja.

Uwanja mgumu haumjui mtu. Mpira ukidunda leo saa nne asubuhi, na kesho saa nne asubuhi utadunda vilevile. Udongo wa Paris unasogea chini ya mguu, unaula mpira kasi, kuna mstari ulioinuka na kona yenye vumbi jingi, na unatakiwa ujue kuteleza ukiwa tayari umeshaupiga. Kujua huko kunachukua miaka. Nyasi nazo zinachezewa wiki chache tu za mwaka, zinachakaa kadiri siku zinavyokwenda, na mpira unaweza kukaa chini ukakudanganya. Kwa mtoto mwenye miguu, jicho na mkono mzito, lakini asiye na kumbukumbu ya miaka kumi, sakafu isiyo na siri ndiyo inayompa haki yake mapema.

Tazama orodha. Serena Williams alichukua US Open 1999 akiwa na miaka 17, akimshinda Martina Hingis. Bianca Andreescu alimshinda Serena huyohuyo palepale mwaka 2019, naye ana miaka 19. Mwaka 2021 Emma Raducanu, 18, alianzia kwenye mechi za mchujo, akacheza mechi kumi bila kupoteza seti hata moja, na fainali yake ilikuwa dhidi ya Leylah Fernandez mwenye 19. Fikiria, fainali ya New York, watu wawili, na hakuna hata mmoja aliyefika miaka 20. Coco Gauff, New York 2023, miaka 19. Halafu Mirra Andreeva, Februari 2025, Dubai, miaka 17. Na kabla vumbi halijatulia akaenda Indian Wells, Marekani, mwezi uliofuata akamshinda Aryna Sabalenka, namba moja wa dunia, baada ya kupoteza seti ya kwanza. Zote hizo ni sakafu ngumu, nje, juani au chini ya taa.

Najua utakachosema, maana mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma alishaniambia. Monica Seles alichukua Ufaransa 1990 akiwa na miaka 16, udongoni. Hingis Wimbledon 1997, miaka 16. Sharapova 2004, palepale kwenye nyasi, 17. Ni kweli, na sina namna ya kuwaficha chini ya kaunta. Ninachoweza kusema ni kwamba hao walikuwa mabinti wa zama nyingine, kabla raketi na nyuzi hazijafanya kila mtu awe anapiga kwa nguvu. Siku hizi ukitaka kumwona mtoto akipita katikati ya wakubwa, mara nyingi utamwonea kwenye sakafu ngumu. Mpwa wangu hakuridhika. Anasema nadharia inayohitaji kuchagua miaka siyo nadharia. Anasoma takwimu, ndiyo shida yake.

Na kuna Venus. Julai hiyohiyo ya 2025, siku chache kabla ya Montreal, Venus Williams mwenye miaka 45 aliingia uwanjani Washington baada ya kukaa nje zaidi ya mwaka mzima, akashinda mechi ya kwanza dhidi ya Peyton Stearns, msichana wa miaka 23, kwa 6-3, 6-4. Sakafu ileile ngumu. Hapo mimi nadai inathibitisha ninachosema: sakafu haimjui mtu, wala mtoto wala bibi. Mpwa wangu anadai imeniangusha. Tumeacha hapo.

Hii sakafu yenyewe inatengenezwaje? Hapa ndipo ningekaa mpaka jioni. Chini kabisa ni udongo ulioshindiliwa ukashindiliwa tena, juu yake kokoto, kisha lami au zege. Kwetu Dodoma ukijenga kwenye ule udongo mweusi wa mbugani bila kuutoa, usilaumu fundi wa juu: mvua za Desemba zikianza unavimba, kiangazi unakauka na kupasuka, na zege lako linapasuka nao. Sakafu haiwi bapa kama meza. Inalazwa kidogo upande mmoja, kama sentimita moja kwa kila mita, ili maji yatoke. Upande mmoja, nasisitiza. Mafundi wetu wamezoea kuinua katikati kama barabara, na ukifanya hivyo kwenye tenisi kila mchezaji anapigia mlimani. Ikishakauka unaimwagia maji, unaondoka, unarudi jua likiwa limeipiga. Palipobaki dimbwi panajazwa, unamwaga tena.

Ndipo inakuja rangi, na hapa ndipo watu wanapokosea. Ile bluu ya Montreal unayoiona kwenye kioo si rangi ya sakafu ninayokuuzia mimi kwa ajili ya baraza. Ni akriliki iliyochanganywa na mchanga laini wa kwatzi, inapakwa tabaka juu ya tabaka kwa raba pana ya kusukumia, siyo brashi. Mchanga ndio breki. Ukiweka mwingi, au wenye punje kubwa, uwanja unaukamata mpira na kuupunguza kasi. Ukiweka kidogo, mpira unapita. Ndiyo maana viwanja viwili vya bluu vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana kabisa. Shirikisho la tenisi la dunia lina ngazi tano za kasi, kutoka polepole mpaka kasi. Na uwanja ukizeeka, miguu ikishausugua mchanga ukaisha, unakuwa wa kasi zaidi na wa kuteleza. Bluu nayo ina sababu yake. New York walipaka bluu ndani ya mistari mwaka 2005 ili mpira wa njano uonekane vizuri, na njano yenyewe iliingia 1972 kwa ajili ya watazamaji wa televisheni. Mpaka New York yenyewe haikuwa hivi siku zote: walicheza kwenye nyasi, wakaenda udongo kwa miaka mitatu, wakahamia sakafu ngumu 1978 walipofungua viwanja vya Flushing Meadows.

Naona nimeanza kuuza bidhaa. Turudi kwenye fainali.

Fainali ilichezwa jioni ya Alhamisi, 7 Agosti, kwa saa za Montreal. Kwetu, saa saba mbele, ilikuwa usiku wa manane wa kuamkia Ijumaa ya Nane Nane, na mimi nilikuwa Nzuguni. Maonesho ya kitaifa ya wakulima yalikuwa hapa kwetu, na kikundi chetu cha kina mama tulikuwa na banda la mafuta ya alizeti. Usiku wa mwisho zamu ya kulala bandani ikaniangukia. Wasioijua Dodoma ya Agosti wanadhani huku ni joto tu; waje Nzuguni saa saba usiku upepo ukiwa umeshika njia. Nilikuwa na sweta, kitenge juu ya sweta, na blanketi juu ya kitenge.

Banda la jirani lilikuwa la mbuzi, na mlinzi wake ni mzee wa Kigogo wa huko Chamwino, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tunasalimiana mbukwenyi tu na kila mtu na lake. Usiku ule aliona mwanga wa simu haukuzimika, akaja na kigoda chake.

"Mama, hulali?"

"Natazama mchezo, baba. Karibu ukae."

Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye dumu la lita tano la alizeti, bando la usiku linahesabika. Akatazama kimya gemu nzima, labda mbili. Seti ya kwanza Osaka alikuwa anamchapa mtoto bila huruma. Mpira wa kuanzia unaingia, wa pili unamalizia. 6-2. Mzee akauliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kutazama tenisi sikuwahi kujiuliza.

"Huyu akikosea kuanzisha, kwa nini anapewa tena? Mwenzake akikosea kurudisha hapewi."

Nikamwambia ndiyo sheria, baba. Mpira wa kuanzia ukitoka unapewa wa pili, ukitoka na wa pili unapoteza pointi.

"Basi mwenye kuanzisha ndiye mwenye nyumba," akasema. "Anatakiwa ashinde kila mara. Akishindwa akiwa nyumbani kwake, hapo ndipo pana habari."

Sijawahi kusikia mtangazaji akiieleza vizuri hivyo. Kutoka hapo nilikuwa namhesabia hivyo hivyo: hapa ni kwa Naomi, hapa ni kwa Victoria, na seti ya pili Osaka alianza kunyang'anywa nyumba yake. Mtoto naye alikuwa anagawa zake, anapiga kuanzia mara mbili nje, watu wa Montreal wanashika vichwa, kisha pointi inayofuata anaichapa kama hakuna kilichotokea. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho mzee alikiona kabla yangu. Alinyoosha kidole mpaka kikakaribia kioo. "Mtazame huyu mkubwa akishapoteza, anawatazama wale watu wake kule juu. Huyu mdogo anatazama nyuzi." Nikatazama. Ni kweli. Mboko alikuwa anageuka, anaelekea ukutani, anazipanga nyuzi za raketi kwa vidole, moja moja, huku uwanja mzima unapiga kelele za jina lake. Akigeuka tena uso ni uleule. Kwenye benchi lake kulikuwa na kocha wake Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyecheza fainali ya Wimbledon 1998, na sijui kama utulivu ule unafundishwa au mtu anakuja nao.

Seti ya tatu haikuwa na ubishi. Osaka mkono ulikuwa umemwisha, na sakafu ile haikuweza kumsaidia: huwezi kungoja mpira udunde vibaya upande wa mwenzako, haudundi vibaya. 6-1. Binti akapiga magoti palepale kwenye bluu. Mzee akauliza kama ameumia.

"Hapana, baba. Ameshinda."

"Sasa mbona amepiga magoti kwenye saruji, si atajichubua?"

Nilicheka mpaka mbuzi wakaamka. Lakini swali hilo ni la haki na nitalirudia.

Kwanza pesa, maana mzee aliuliza na wewe ungeuliza. Mboko alipewa dola 752,275. Nilipompigia hesabu ya shilingi ikavuka bilioni moja na nusu, mzee akanyamaza, akatazama mbuzi wake, akauliza zingenunuliwa mbuzi wangapi, tukaacha. Ila usiku uleule, mji wa pili, Ben Shelton alishinda fainali ya wanaume, na yeye alipewa dola 1,124,380. Shindano lilelile, jina lilelile, mdhamini yuleyule. Fungu lote la wanaume lilikuwa dola milioni 9.19, la wanawake milioni 5.15. Na kabla hujaniletea ile hoja ya wanaume kucheza seti tano: Toronto walicheza seti tatu, kama Montreal. Seti tano ni za yale mashindano manne makubwa, na huko ndiko ambako malipo yako sawa. US Open wanalipa sawa tangu 1973. Mwaka huohuo Billie Jean King na wenzake walianzisha WTA. Miaka 52 baadaye bingwa wa kike wa Montreal anapata theluthi mbili ya mwenzake wa Toronto. WTA wanasema mashindano ya 1000 yatafika usawa, yale ya wanaume na wanawake kwa pamoja ifikapo 2027 na yaliyosalia ifikapo 2033. Sawa. Mimi nikikopesha mtu saruji akaniambia atalipa 2033 nadhani mnajua nitamjibu nini.

Jambo la pili watu walilolisema sana ni hotuba ya Osaka. Alishika maikrofoni, akashukuru kwa kifupi, hakumtaja Mboko, akaondoka. Mitandao ikamla nyama. Baadaye aliomba radhi, akasema kweli alisahau, na akampongeza mwenzake. Mimi nilimwelewa tangu saa ileile. Huyu ni mtu aliyekuwa bingwa, akaacha kucheza kwa muda kwa sababu ya afya ya akili, na alilisema hadharani kipindi ambacho wengi walikuwa wanaona haya kulisema. Akajifungua mtoto mwaka 2023, akarudi, akasota. Hiyo ilikuwa fainali yake kubwa kuliko zote tangu arudi, na alikuwa na seti ya kwanza mkononi. Kumwambia mtu wa namna hiyo atabasamu dakika tano baada ya 6-1 ni ukatili wa kistaarabu. Kama heshima, alishaionyesha kwa kucheza mpaka pointi ya mwisho. Wifi yangu hakubaliani nami hata kidogo. Anasema mtu mzima hasahau adabu. Huenda anasema hivyo kwa sababu nyingine inayotuhusu sisi wawili.

Sasa magoti.

Nilicheza netiboli shuleni, nilikuwa GA, mmoja wa wafungaji, na kiwanja chetu kilikuwa zege tupu lililopigwa na jua tangu asubuhi. Kwenye zege hutelezi. Mguu unasimama palepale, na goti linabeba mwili wote uliokuwa unakwenda. Goti langu la kushoto mpaka leo linajua mvua inakuja kabla ya mamlaka ya hali ya hewa. Kwa hiyo ninaposifu sakafu ngumu sisemi ni rafiki wa mwili. Udongo unampa mchezaji nafasi ya kuteleza na kupunguza mshtuko. Sakafu ngumu inarudisha kila kitu mwilini. Na joto je! Sakafu ya rangi inahifadhi jua, na mchezaji wa saa nane mchana anapikwa juu na chini. Mboko mwenyewe alianguka kwenye ile nusu fainali na Rybakina, akatua kwa mkono, kifundo kikamsumbua, na baada ya kombe akajitoa mashindano ya Cincinnati. Kisha New York, raundi ya kwanza kabisa, Barbora Krejčíková akamtoa 6-3, 6-2. Waliokuwa wanasema ni malkia mpya wakaanza kusema ilikuwa bahati. Novemba akashinda Hong Kong, nje, sakafu ngumu tena, wakarudia kusema ni malkia. Mimi nikasema ana miaka 19 na kifundo cha mkono, mwacheni acheze.

Nimeandika haya yote kwa sababu moja ambayo haiko Montreal. Kuna shule ya msingi hapa mjini, sitaitaja, ambayo kamati ya wazazi inataka kufufua kiwanja chao cha zege. Fundi aliyepita aliwapakia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya milango. Ilipendeza kwenye picha za ufunguzi. Manyunyu ya kwanza yaliposhuka watoto wawili wakateleza, mmoja akavunjika mkono, na tangu hapo kiwanja kinaanikiwa mahindi. Waliponijia kuulizia bei ya rangi nikawaambia wasipake chochote mpaka ile iliyopo itoke, isuguliwe yote, nyufa zizibwe, maji yamwagwe tuone dimbwi. Mwenyekiti akanitazama kama namkwepa. Nikawachorea: eneo hilohilo linachukua netiboli, na ukiongeza mistari ya rangi nyingine linachukua tenisi, kwa sababu mita 23.77 kwa 10.97 zinaenea na nafasi ya kukimbilia inabaki, ingawa si kwa kipimo cha Montreal. Wavu tunaanza na wa kamba. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, na nyingi zinanyesha kwa saa chache zikapita. Siku za kuchezea nje tunazo kuliko hao Wakanada wanaojifungia ndani miezi ya theluji. Hata mwinuko unaturuhusu. Mipira maalumu ya nyanda za juu inaanza kuhitajika mita 1,219, na Dodoma tuko chini kidogo ya hapo.

"Na raketi?" akauliza mwalimu wa michezo, binti mdogo, mwenye swali la maana kuliko kamati nzima.

Raketi hatuna. Tuna mbao, na fundi seremala wa Majengo amekubali kutuchongea vibao vya kuanzia. Kwa watoto wa darasa la tatu vinatosha kabisa kujifunza kuusubiri mpira udunde.

Kilichotukwamisha ni akriliki. Dar inapatikana kwa kuagiza, kwa bei ambayo kamati imeiona ikakohoa. Ninaambiwa kuna mafundi wanachanganya rangi ya kawaida ya maji ya nje na mchanga uliochekechwa, inashika msimu mmoja au miwili. Sijaiona kwa macho yangu na siwezi kumuuzia mtu kitu ambacho sijakikanyaga. Kama wewe ni fundi na umewahi kupaka uwanja wa michezo Dodoma, Singida au Morogoro, na uwanja bado upo, pita dukani Ilazo siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi. Njoo na picha za uwanja baada ya mvua, siyo za siku ya ufunguzi.